Kiasi katika maisha ya Mkristo: namna ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta

Mtu akisema "nilishindwa kujizuia", mara nyingi anazungumzia dakika ya mwisho: neno limeshatoka, ujumbe umeshatumwa, glasi imeshajazwa. Kuanzia vita dakika hiyo ni kuchelewa. Mengi yanayoamua kama utasimama au utaanguka hutokea saa kadhaa kabla, pengine tangu jana yake: ulilala saa ngapi, umekaa na nani, umeacha mlango gani wazi. Mwongozo huu unahusu kazi ya saa hizo za mapema.

Mithali 25:28 inamfananisha mtu asiyeitawala roho yake na mji uliobomolewa, usio na kuta. Mji wa namna hiyo huwa umeshatekwa tangu ile miezi ambayo ufa ulionekana na kila mtu akaupita kando. Wahenga wetu nao waliona hivyo hivyo waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno lenyewe

Katika orodha ya tunda la Roho (Wagalatia 5:22-23) kiasi kinakuja mwisho kabisa, na msomaji wa Kiswahili hukipita haraka kwa sababu ni neno lile lile la "tia chumvi kiasi". Neno la Kigiriki alilotumia Paulo, *enkrateia*, limejengwa juu ya *kratos*, yaani nguvu au mamlaka. Kwa hiyo tuna mambo mawili: kipimo, na mtu anayekishika hicho kipimo. Chakula, usingizi, hasira, pesa na maneno vyote vina mahali pake. Swali ni nani anayesema "imetosha", wewe au tamaa.

Kuna makosa mawili ya kuanzia. La kwanza ni kungoja Roho Mtakatifu afanye kila kitu huku umekaa pale pale panapokuangusha kila wiki. La pili ni kukaza meno peke yako bila kuomba, kana kwamba tunda hilo ni la misuli yako. Petro anaweka pande zote mbili pamoja: uweza wa Mungu umetukirimia yote tunayohitaji (2 Petro 1:3), na mistari miwili mbele, "mkijitahidi kwa upande wenu", ongezeni kiasi juu ya maarifa. Upande wenu upo. Ndio tunaoushughulikia hapa.

Kagua ukuta kwanza

Nehemia alipofika Yerusalemu kuujenga upya ukuta wake, hakuanza kwa kuita mafundi. Alikaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache, akazunguka akiutazama ukuta ulivyobomoka, na hakumwambia mtu yeyote mpango wake (Nehemia 2:11-16). Ukaguzi wako utachukua siku 7.

Tafuta daftari dogo. Kila unapoteleza, au unapokaribia kuteleza, andika siku hiyo hiyo mambo matano: saa, mahali, nani alikuwepo, mwili ulikuwaje (njaa, usingizi, uchovu, maumivu), na nini kilitangulia. Kwa mfano:

*Jumanne, saa 3 usiku. Sebuleni. Mimi na mtoto. Sijala tangu saa 6 mchana. Kabla yake: nimesoma ujumbe wa bosi mara tatu. Nimemfokea mtoto kwa sababu ya kikombe cha maji.*

Ona jinsi kikombe cha maji kilivyo kitu kidogo kuliko vyote katika maandishi hayo. Aliyeandika hivi angeweza kuomba mwaka mzima "Bwana, niondolee hasira kwa mtoto huyu", na asigundue kwamba ufa uko kwenye simu inayofunguliwa usiku na tumbo lisilo na kitu.

Siku ya 8, soma kurasa zote kwa kikao kimoja ukitafuta kinachojirudia. Kwa kawaida saa fulani au hali fulani ya mwili itajitokeza zaidi ya mara moja. Ukaguzi huu huharibika kwa njia tatu. Ukiandika anguko tu na kuacha kilichotangulia, utabaki na orodha ya aibu isiyokufundisha kitu. Ukiandika kwa jumla, "leo nimejaribiwa sana", huna cha kushika. Na ukianza kujirekebisha katikati ya wiki ili daftari lionekane zuri, umeshaficha ufa wenyewe.

Tafuta mnyororo

Yakobo 1:14-15 anaeleza dhambi kama kitu chenye hatua: tamaa humvuta mtu, huchukua mimba, huzaa, na kilichozaliwa hukomaa. Katika 2 Samweli 11 hatua hizo zinaonekana moja moja. Ni majira ya wafalme kwenda vitani, Daudi amebaki Yerusalemu. Jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari, anamwona mwanamke, Bathsheba, akioga. Anatuma mtu kuuliza habari za yule mwanamke. Anajibiwa kwamba ni mke wa Uria. Anatuma wajumbe. Anamtwaa.

Hesabu nafasi za kugeuka. Kushuka darini kungemgharimu hatua chache za miguu. Baada ya kujibiwa "mke wa Uria", kugeuka kungemgharimu aibu mbele ya mtumishi mmoja. Baada ya Bathsheba kupata mimba, Daudi alikuwa tayari kumwua mumewe ili kuficha. Kila pete ya mnyororo ni ghali kuliko iliyotangulia, ndiyo maana inakatwa ya mwanzo.

Andika mnyororo wako vivyo hivyo, kutoka mwisho kwenda nyuma, angalau pete 5. Kisha weka alama kwenye pete ya kwanza ambayo hapakuwa na dhambi yoyote bado, bali mlango tu. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Ufa mmoja, siku 52

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15), na wengi walijenga kipande kilichoelekea nyumba zao wenyewe. Chukua muda huo huo kwa ufa mmoja. Namba yenyewe haina muujiza. Ni zaidi kidogo ya wiki 7, muda wa kutosha kuonja wiki nzuri, wiki mbaya, ugonjwa mdogo na mgeni wa ghafla.

Anayeamua kwa pamoja kuacha kula ovyo, kuamka alfajiri, kupunguza simu na kutokasirika, kwa kawaida huwa ameviacha vyote kabla mwezi haujaisha. Tena usidhani ushindi wa upande mmoja unahamia mwingine wenyewe. Daudi yule yule aliyemwacha Sauli, mfalme aliyekuwa akimwinda, hai pangoni katika 1 Samweli 24, sura inayofuata anajifunga upanga na kuondoka na watu 400 kwa sababu Nabali amemnyima chakula na kumtukana. Alikuwa na ukuta imara upande wa Sauli. Upande wa Nabali hapakuwa na kitu, na bila Abigaili, mke wa Nabali, kumwahi njiani angemwaga damu.

Mpango wa ufa wako uandike kwa sentensi ya "ikifika... nitafanya...". Sentensi nzuri ina saa au tukio, ina kitendo cha mwili, na mtu mwingine anaweza kuona kama imefanyika. "Nitapunguza simu" haina hata kimoja. "Ikifika saa 3 usiku naiweka simu kwenye chaja jikoni na kwenda kulala bila yenyewe" ina vyote vitatu. Danieli alikusudia moyoni mapema (Danieli 1:8), lakini hakuishia moyoni: alimwendea msimamizi na ombi lenye vipimo, mtama na maji, siku 10.

Mpango pia una gharama, na gharama hiyo uijue mapema. Yusufu alikataa hata kukaa karibu na mke wa Potifa (Mwanzo 39:10), na siku alipokamatwa aliacha vazi mkononi mwa mwanamke huyo akakimbia. Hilo vazi likawa ushahidi wa kumtia gerezani. Kama mpango wako hautakugharimu chochote, si marafiki, si starehe, si sifa, kuna uwezekano umekata pete isiyo na maana.

Hasira na ulimi

Hapa pana haraka kuliko pengine pote, kwa hiyo mazoezi yake lazima yafanyike wakati wa amani. Jifunze kwanza dalili za mwili wako: wengine masikio hupata joto, wengine taya hukaza, wengine sauti hupanda na maneno kuanza kukimbizana. Dalili hiyo ndiyo kengele. Ikilia:

1. Funga mdomo, hata katikati ya sentensi.
2. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Rudia mara 5. Ni kama dakika moja.
3. Sema sentensi mliyokubaliana zamani nyumbani: "Nimekasirika. Nipe dakika 20, nitarudi tuzungumze."
4. Ondoka, utembee. Omba Zaburi 141:3, Bwana aweke mlinzi kinywani. Usitunge hotuba ya mashtaka.
5. Rudi kwa muda uliosema. Taja jambo moja lililotokea, lilivyokuumiza, na unachoomba.

Hatua ya 4 ndiyo inayoharibika zaidi. Mtu anatoka nje, lakini kichwani anaendelea kugombana, na baada ya dakika 20 anarudi amenolewa kama kisu. Ukijikuta unatunga majibu, hesabu miti, osha vyombo, fanya kitu cha mikono. Ya pili kwa kuharibika ni ya 5: usiporudi, ulichofanya kinaitwa kususa, na mwenzako atajifunza kwamba "nipe dakika 20" maana yake ni kuachwa. Waefeso 4:26 inaweka kikomo cha machweo, na ni kikomo kizuri, ila kama wote wawili mmechoka hoi, kubalianeni saa ya kesho na mlale bila kinyongo, kuliko kulazimisha kikao cha usiku wa manane.

Ujumbe wa hasira uandike kwenye daftari, kamwe si kwenye kisanduku cha kutuma ujumbe, maana kidole huteleza. Usome asubuhi. Mara nyingi utabaki na mstari mmoja unaofaa kutumwa.

Macho na simu

Ayubu alisema amefanya agano na macho yake (31:1). Agano la leo lina vifaa. Ondoa programu inayokuangusha, kisha uzuie na tovuti yake kwenye kivinjari, kwa sababu wengi huondoa moja na kuingilia nyingine jioni hiyo hiyo. Nenosiri la kizuizi aliweke mtu mwingine na wewe usilijue. Nunua saa ya kengele ya kawaida ili simu isiwe na sababu ya kulala chumbani. Kumbuka kompyuta na runinga, maana tamaa hutafuta dirisha lililosahauliwa.

Kisha jaza nafasi. Katika Mathayo 12:43-45 nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini ni tupu, na yule pepo aliyetoka humo anarudi na wengine saba. Ukiondoa saa 2 za simu usiku bila kuweka kitu, utapewa saa 2 za kuitamani. Weka kitu chepesi na tayari: kitabu kilichofunguliwa mezani, maji ya kuoga, mtu wa kuzungumza naye. Usiweke jambo zito. Mtu aliyechoka saa 3 usiku hataanza kusoma Walawi kwa furaha, na tuseme ukweli tu.

Kufunga kama mazoezi

Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri katika karne ya 4, aliorodhesha mawazo 8 yanayomsumbua mtu, na la kwanza aliliweka ulafi. Tumbo ni mwalimu wa mwanzo kwa sababu linadai kila siku, kwa sauti, na madai yake yanaweza kucheleweshwa bila kumdhuru mtu mzima mwenye afya.

Anza na mlo mmoja kwa wiki, siku ile ile. Kunywa maji ya kutosha. Muda ule ambao ungekula, kaa uombe, vinginevyo umeruka chakula tu. Ukizoea kwa wiki 4, ongeza mlo wa pili siku hiyo hiyo. Fungua kwa chakula kidogo na chepesi. Anayefungua kwa sahani mbili zilizojaa amefundisha tumbo lake kungoja malipo. Usitangaze (Mathayo 6:16-18). Na uangalie nyumbani: Isaya 58:4 inawakemea watu waliofunga huku wakigombana. Ukiona kila siku ya kufunga unafoka, punguza muda wa kufunga na ushughulikie ulimi kwanza.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayetumia dawa zinazohitaji chakula, au aliyewahi kuugua kwa kujinyima kula asifunge chakula bila ushauri wa daktari. Anaweza kufunga kitu kingine, kama runinga au sukari ya chai.

Pesa haihitaji maneno mengi. Kitu kisichokuwa kwenye orodha kingoje saa 48. Futa namba za kadi zilizohifadhiwa kwenye maduka ya mtandaoni. Sadaka itengwe kwanza, siku pesa inapoingia.

Neno lililo karibu

Jangwani Yesu alijibu majaribu matatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, na yote yalitoka sura ya 6 na ya 8. Hakutafuta ukurasa, yalikuwa ndani tayari. Chagua mstari mmoja tu kwa ufa wako. Useme kwa sauti mara 5 asubuhi na mara 5 kabla ya ile saa ya hatari uliyoigundua kwenye daftari. Uandike kwa mkono, uuweke mahali pete ya kwanza inapoanzia: mlango wa friji, nyuma ya simu, ukurasa wa kwanza wa pochi. Mistari 20 uliyoiweka alama kwenye Biblia iliyofungwa haitakusaidia kama huo mmoja ulio mdomoni.

Mtu wa kukuuliza

Tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, anayeweza kunyamaza, na ambaye hana ufa kama wako ulio wazi bado. Walevi wawili wanaoulizana mara nyingi huishia kufarijiana. Kutaneni mara moja kwa wiki, dakika 30. Maswali yawe manne, yale yale kila wiki: Mpango wako ulisema nini? Uliufuata siku ngapi kati ya 7? Pete ya kwanza ilikuwa wapi ulipoteleza? Kuna kitu hujaniambia? Swali la nne liulizwe hata kama majibu ya mengine ni mazuri, hasa kama ni mazuri mno.

Ukianguka

Saa ya kwanza baada ya kuanguka ni ya hatari kuliko anguko lenyewe, kwa sababu ya sauti inayosema "imeshaharibika, malizia tu". Kipande kimoja cha keki kinakuwa keki nzima, usiku mmoja unakuwa wiki. Ondoka mahali pale kimwili. Tubu kwa kulitaja jambo kwa jina lake, si "nimekosea kwa namna mbalimbali", na upokee msamaha ulioahidiwa katika 1 Yohana 1:9. Kama umemuumiza mtu, mwendee siku hiyo. Mwambie yule wa kukuuliza ndani ya saa 24. Kisha rudi kwenye daftari na uulize ni pete ipi ilibaki nzima. Siku 52 hazianzi upya; ukianguka siku ya 22, unaendelea na siku ya 23 kama ilivyo. Mithali 24:16 inamwita mwenye haki mtu anayeanguka mara saba na kuondoka tena.

Kuna mahali mwongozo huu hautoshi. Aliyezoea pombe nyingi kila siku asiache ghafla peke yake. Mwili unaweza kupata degedege au zaidi, aonane na daktari kwanza. Mambo ya dawa za kulevya na kamari iliyokolea vivyo hivyo yanahitaji msaada wa wataalamu pamoja na maombi. Na mtu anayepigwa nyumbani asiambiwe awe na kiasi. Kiasi ni cha anayeinua mkono; anayepigwa anahitaji kuwa mahali salama.

Angalia pia kosa la upande mwingine. Wakolosai 2:20-23 inazitaja amri za "usishike, usionje, usiguse", ikasema zinaonekana kama hekima lakini hazifai kitu katika kuzizuia tamaa za mwili. Dalili ya kwamba umefika huko ni rahisi kuiona: umeanza kuwahesabia wengine milo yao, na furaha, ambayo ni ya pili katika ile orodha ya Wagalatia, imetoweka nyumbani kwako.

Baada ya siku 52

Ukuta ulipokamilika Nehemia aliweka mabawabu. Miaka ilipita, akarudi kwa mfalme Artashasta, na aliporejea Yerusalemu alimkuta Tobia, adui yule yule aliyeucheka ukuta, amepewa chumba ndani ya nyua za nyumba ya Mungu. Akavitupa nje vyombo vyake vyote (Nehemia 13:6-8). Katika sura hiyo hiyo wachuuzi wanalala nje ya malango yaliyofungwa kwa ajili ya sabato, mara ya kwanza na ya pili, wakingoja kama yatafunguliwa.

Kwa hiyo hata ukishahamia ufa wa pili, yale maswali manne kuhusu ufa wa kwanza yaendelee, mara moja kwa mwezi. Na kila baada ya miezi 3 rudia ukaguzi wa siku 7 kwa daftari jipya, ukianza na vyumba ulivyodhani vimeshafungwa.